Ngome Kongwe ilivyonipima masikio

Msomaji, umeshawahi kumwahidi mkeo safari ya kupumzika, halafu ukabeba na mashine za kazini? Mimi nimefanya hivyo, tena bila aibu. Mama Nasra alikuwa ananidai safari ya Zanzibar tangu tufunge ndoa, yapata miaka tisa. Desemba 2024 nikapata kazi ya kufunga muziki kwenye onyesho la taarab pale Ngome Kongwe, Unguja. Nikaona mambo si hayo! Deni nalipa na hela naingiza.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi mitambo. Spika, mixa, maiki, projekta na skrini za maharusi ndizo zinazonilisha mwaka wa 16 sasa. Ni kazi ya lawama. Muziki ukilia vizuri, sifa anapata mwimbaji. Maiki ikipiga mluzi, ukumbi mzima unageuka kunitazama mimi.

Boti kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Abiria wengine walikuwa wanapiga picha, mimi nimekaa jirani na masanduku yangu niliyoyafunga nailoni. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ikiingia kwenye vichwa vya waya, kutu inaanza na sauti inakwaruza. Mama Nasra alinitazama tu, akageukia dirishani.

Kuta zinazojibu

Ngome Kongwe iko palepale mbele ya bustani ya Forodhani. Waarabu wa Omani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatimua Wareno. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, lile jengo maarufu ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kama umewahi kuhudhuria Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, basi uwanja huo unaujua: juu mbingu, pembeni kuta nene za mawe ya matumbawe.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga kofi moja kubwa na kusikiliza. Watu wakadhani nafukuza popo. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 30 kutoka ulipo, sauti inakwenda na kurudi kwa karibu sehemu ya tano ya sekunde, na neno moja linasikika mara mbili. Ukiongeza volyumu hapo, unaongeza fujo tu. Dawa ni kuzielekeza spika kwa watu, sio ukutani. Miili ya watu inameza sauti, jiwe linairudisha.

Tukaunganisha, mara mngurumo: nnnnn! Mixa ilikuwa inachukua umeme huku, amplifaya za jukwaani zinachukua kule. Kijana wangu akashauri tukate waya wa ethi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mngurumo utaondoka, lakini siku yenye hitilafu ataondoka na mwimbaji." Tukavuta umeme wote kutoka chanzo kimoja, kukawa kimya kama msikitini. Na kweli adhana ikaanza. Mji Mkongwe misikiti imekaribiana, kwa hiyo ukisikia adhana unazima, unasubiri. Hakuna haja ya kuambiwa.

Walipofika wanamuziki, mzee mmoja mpiga udi alinikuta nakimbilia kupandisha sauti ya ganuni, ile ala yenye nyuzi zaidi ya 70. Akaja taratibu.

"Mwanangu, mbona wataka kutupandisha? Sie tutapiga. Wewe tufikishe tu."

Nikanywea. Nikaisogeza maiki karibu na nyuzi, nikapunguza spika za jukwaani, nikarudi kwenye mixa. Jamani! Kila uzi ukawa unasikika peke yake. Usiku ule watu walitunza mpaka noti zikawa zinaanguka sakafuni.

"Sawa, mke wangu"

Saa tano usiku tukatoka, tukavuka kwenda Forodhani. Mishikaki, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, kelele za wauzaji. Mama Nasra alikaa kushoto kwangu, akaongea kidogo. Nikatikisa kichwa, nikamwambia, "Sawa, mke wangu."

Akaweka kijiti cha mshikaki chini.

"Baba Nasra, hivi unanisikia au unaitikia tu?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

Mtu mzima nikatafuta jibu kwenye bakuli la urojo. Akarudia, safari hii akinitazama usoni: "Nimesema kesho napanda boti ya asubuhi, narudi peke yangu. Umeniambia sawa."

Na kweli alipanda. Mimi nilibaki nakunja waya mle ngomeni, peke yangu na zile kuta. Nikampigia simu, hakupokea. Nikapiga kofi, ukuta ukanijibu. Mke wangu ndiye ambaye kwa miaka alikuwa anasema nami sikuwa namjibu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kupima masikio. Nilimwomba anisindikize, akakubali kwa shingo upande. Daktari akatuonyesha karatasi: sauti nene nazisikia vizuri, zile nyembamba za juu zimepungua, hasa sikio la kushoto. Herufi kama s, f, t na sh ziko huko juu. Ndiyo maana nilikuwa nasikia kwamba mke wangu anaongea, nisisikie anasema nini. Mama Nasra alinyamaza, kisha akanishika mkono. Miaka yote alidhani ni dharau.

Nusu yake ilikuwa dharau kweli, tusidanganyane. Kama nilikuwa sisikii, ningeuliza. Kuitikia kulikuwa rahisi zaidi.

Kwa mafundi wenzangu na wapenzi wa muziki: kwa kipimo cha kiafya kinachotumika sana, kelele ya desibeli 85 mwisho wake ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 100 ni dakika 15 tu, na harusi zetu mnazijua. Yaliyoharibika hayarudi. Siku hizi navaa vizibo vya masikio, na natoka nje kila baada ya muda kuyapumzisha.

Tumesharudi Unguja, mara hii na begi moja la nguo. Tulikaa Forodhani mpaka usiku. Mama Nasra alikaa kulia kwangu, bila kuambiwa. Nisiposikia, nasema, "Rudia, mke wangu." Anarudia.

Na wewe msomaji, jana umeitikia "sawa" ngapi?