Asante, Lakini

Kila mwisho wa muhula chuoni kwetu, chuo kidogo tu cha Kikatoliki, tunaandikia wafadhili wa ng'ambo barua. Mfano umebandikwa ukutani: jina, kijiji, shida za nyumbani, halafu asante.

Kijiji? Mimi ni wa Ziwa la Ng'ombe. Hapo ni Mombasa, Bombolulu ni pua na mdomo. Shida zipo, maji ya mtungi na karo, lakini hatukai tukilia kutwa.

Na asante naitoa kwa moyo. Feni na vitabu vya maktaba vililetwa na watu nisiowajua. Vyuo hukua hivyo, pole pole. Hata Strathmore ya Nairobi ilianza 1961 ikiwa ya fomu five na six tu.

Ila wafadhili wangu wa kwanza wako kwa grupu la WhatsApp. Jumuiya ya kanisani, 3,000. Kijana wa mkokoteni wa maji, 50. Mama wa mahamri, Mwislamu, 200, na chini akaandika: "Soma mwanangu, usituangushe."

Basi pale pa shida za nyumbani nikaandika orodha hiyo yote, mpaka ile hamsini. Ofisi ikanirudishia barua. Eti mfadhili akiona nina watu, atampa mwengine.

Nikauliza, kwani yeye hana watu?

Nimeipeleka tena vilevile, sikufuta hata jina. Karo ya muhula ujao bado haijaingia.