Thamani ya Gari Lililoundwa Upya

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yawahusu hasa wastaafu wa jeshi na polisi ambao hutia kiinua mgongo chao katika gari kuukuu, wakalipeleka kwa mafundi likaundwa upya, kisha wakalikatia bima kana kwamba lingali lile lile la zamani.

Ndivyo ilivyotaka kuwa kwa sajini mmoja mstaafu wa Jinja, nchini Uganda. Alinunua lori dogo lililotumika kwa shilingi milioni 40. Mafundi wa Katwe, Kampala, waliling'oa bodi la mbao, wakafunga sanduku lenye kuta nene za kuzuia joto, mashine ya kupozea, na springi za nyuma zenye nguvu zaidi, ili lichukue sangara na sato kutoka mwalo wa Masese hadi Kampala. Kazi hiyo ilimeza milioni 40 nyingine. Akiba yote ya nyumba ikawa inatembea juu ya magurudumu.

Wakala wa bima alimshauri aandikishe bei ya kununulia tu. "Afande, andika milioni 40, utalipa kidogo." Kwa kiwango cha asilimia 4, ada ingekuwa milioni 1.6 kwa mwaka. Mkewe, ambaye alikuwa amehifadhi kila risiti katika kopo la maziwa ya unga, hakuridhika. "Mzee," aliuliza, "likiungua, hilo sanduku la baridi atalilipa nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Bima ya mtu wa tatu, iliyo ya lazima nchini Uganda kwa sheria ya mwaka 1989, ni kwa ajili ya watu wengine wanaodhuriwa na gari. Haimtengenezei mwenye gari lori lake. Bima kubwa ndiyo hulilinda gari lenyewe, lakini hutaka ukweli. Tangu mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm huko Uingereza, Jaji Mansfield alieleza kuwa mkata bima ndiye ajuaye habari za mali yake, hivyo hana budi kuzifichua. Mabadiliko makubwa yakifichwa, kampuni yaweza kukataa kulipa.

Hatari ya pili ni ya hesabu. Mikataba mingi ina sharti kwamba mali iliyoandikishwa chini ya thamani yake italipwa kwa uwiano huo huo. Thamani ikiwa milioni 72 na iliyoandikishwa ni milioni 40, basi kwa kila shilingi 9 za hasara, kampuni hulipa 5 tu.

Mume na mke wakaenda kwa mthamini na kopo lao la risiti. Alikagua, akapiga picha, akaandika milioni 72, si 80, kwa kuwa gharama ya fundi si lazima iwe thamani ya gari. Logibuku nayo ikarekebishwa, maana bado ilitaja lori la wazi. Ada ilipanda hadi milioni 2.88. Nyongeza hiyo iliuma, kwani ilikuwa sawa na karo ya mtoto, lakini ililipwa.

Mwaka uliofuata, mvua ikinyesha, lori liliteleza katika msitu wa Mabira na kupinduka. Dereva alitoka salama; sanduku na mashine viliharibika. Matengenezo yalikadiriwa kuwa milioni 18. Kampuni ililipa, ikikata tu ile sehemu ambayo mkataba humbebesha mwenye mali. Kwa bei ya wakala, hesabu ingeanzia milioni 10, na milioni 8 zingetoka katika chungu cha nyumbani.

Mkataba ulipofika wakati wa kufanywa upya, mthamini aliitwa tena. Gari lilikuwa limechakaa kidogo, akaandika milioni 63, na ada ikashuka. Hilo nalo ni jambo la kuzingatiwa: anayeandikisha kupita thamani halipwi zaidi, kwa kuwa fidia haivuki hasara. Kabla ya kutia sahihi, yafaa kuuliza kama mkataba unafuata bei ya soko siku ya ajali au thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, na jibu liandikwe.