Kimya kabla ya sebene

Jumapili kanisani, nilipokanyaga pedali tuingie sebene, gitaa lilinyamaza. Haikufika nusu sekunde, lakini miguu ya wanakwaya ilibaki hewani. Kaka anayepiga besi alinitazama bila neno. Mashine ya kidijitali inayoiga amplifaya, ikibadili mpangilio mzima, huondoa efekti zote na kupakia nyingine; hapo mara nyingi sauti hukatika, na mwangwi pia. Sasa sauti zote mbili naziweka ndani ya mpangilio mmoja, kisha nawasha au kuzima ninachohitaji.

Katika fonetiki tumefundishwa kwamba hata *p* na *t* zina kimya kifupi kabla ya kufunguka. Lakini kimya hicho ni sehemu ya neno, na msikilizaji hukitarajia. Changu hakuna aliyekitarajia.