Kabla ya Kuvuta Kamba

Nilipoajiriwa zimamoto, kikosi chetu kilikuwa bado chini ya halmashauri, na mti ukiziba barabara tulipeleka mashoka. Mji wetu ni wa pwani. Una miembe ya tangu enzi za babu zetu na mivinje iliyopandwa kando ya barabara ya baharini, na masika yakianza lazima mmoja ulale. Mwembe tuliupokezana asubuhi nzima. Mvinje, kwa ugumu wa mbao yake, ulitukalisha mpaka jua la utosini na viganja vimetoka malengelenge. Lakini shoka lilimpa mtu nafasi ya kuutazama mti. Ukikaa kupumzika unaona shina limeegemea wapi, tawi lipi limekunjika na linangoja kufyatuka. Wazee wa kikosi waliyajua hayo bila darasa, nasi tuliyaokota kwao kidogo kidogo.

Msumeno wa mnyororo ulipokuja, kila mtu alitaka kuushika. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya robo saa, na ile nafasi ya kutazama ikapotea. Zimamoto tumelelewa kwenye haraka: king'ora kikilia unavaa huku unakimbia. Msumeno nao tukauchukua kwa haraka ileile. Aliyefika wa kwanza ndiye aliyeuwasha, ameuning'iniza mkono mmoja na kuusukuma chini huku akivuta kamba kwa mkono wa pili, mnyororo ukizunguka jirani na goti lake. Tulivaa makoti ya kuzimia moto tukiamini yanatosha. Koti lile limetengenezwa kuzuia joto; meno ya mnyororo unaokwenda kasi ya mita 20 kwa sekunde hulipita mara moja. Masikio hatukuyaziba, ingawa msumeno wa petroli hupiga kelele ya zaidi ya desibeli 100. Leo kuna wenzangu wa zamani ambao lazima nipaze sauti nikiwaamkia.

Breki ya mnyororo, ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ilikuwa imefungwa kwa waya ili isisumbue. Siku moja mwenzetu alikuwa anakata tawi la mwembe, ncha ya ubapa unaobeba mnyororo ikagusa tawi jingine lililojificha nyuma ya majani. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa kitu, meno hung'ang'ania mbao badala ya kukata, na nguvu yote ya injini inaurudisha msumeno juu na nyuma, kwa anayeushika. Hakuna mwanadamu mwenye wepesi wa kulikwepa teke hilo. Ndiyo maana breki ikatengenezwa. Teke lilimpata mwenzetu begani. Alipona na akarudi kazini, ila mkono ule haukuinuka tena kupita kichwa. Waya ulikatwa jioni ileile, na hakuna aliyeuliza nani aliufunga.

Sheria ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, tukatoka halmashauri tukaingia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Raia waliona sare, vyeo na namba ya dharura 114. Upande wa msumeno, mabadiliko yaliletwa na mzee mmoja aliyestaafu ukataji miti katika shamba la Sao Hill, kule Mufindi, akahamia mjini kwetu kwa mwanawe. Mkuu wa kituo alimwomba aje atufundishe kuangusha mti. Tukajipanga uani, tayari kwa safari. Mzee akaomba jiliwa.

"Shikamoo mzee, mti wenyewe uko kule nyuma," kijana mmoja akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeuona. Utatungoja."

Akaubana ubapa kwenye jiliwa, akauzungusha mnyororo kwa vidole, jino baada ya jino, akitafuta lililolika kuliko yote. Akaanza na hilo, kwa sababu mengine yote yatanolewa mpaka yalingane nalo. Meno ya upande mmoja yakizidi ya upande wa pili, msumeno hukata kwa kupinda na mwisho hunasa ndani ya gogo. Tupa yake ya mviringo iliingia kwenye shingo ya jino bila kucheza. Akailaza kwa digrii 30, akasukuma kutoka ndani kwenda nje, akainyanyua, akairudisha hewani, akasukuma tena. Kurudi haikugusa chuma hata mara moja. Kisha akapima kile kinundu kilicho mbele ya jino, ambacho ndicho huamua jino lichimbe kina gani, akakipunguza kidogo mno kwa tupa bapa. Ukikila sana, alisema, jino linauma kupita kiasi na mateke yanaanza.

Ndipo alipouwasha: msumeno chini, buti imekanyaga kishikio cha nyuma, breki imefungwa. Akakata kipande cha mkaratusi, zikaruka chenga nene. Akatuita tukalitazame lundo la kazi yetu ya wiki ile pale uani. Lilikuwa unga mtupu.

"Ukiona unga, zima," akasema. "Mnyororo butu unataka kusukumwa, na mtu anayesukuma hana tena miguu ya kusimamia."

Kilichomshangaza yeye ni usingizi wa msumeno wetu. Wa msituni hufanya kazi kila siku, ukiwa na hitilafu inajulikana asubuhi. Wa zimamoto unaweza kulala mwezi mzima, kisha saa nane za usiku, mvua inanyesha, ukatakiwa uwake kwa mvuto wa pili. Petroli iliyolala ndani huacha utando kwenye kabureta. Mnyororo uliokazwa ukiwa na joto hujivuta ukipoa, ukaumiza beringi na ubapa. Tulikuwa tunalainisha mnyororo kwa oili chakavu ya magari, yenye vumbi la chuma ndani yake. Na kwa kuwa dumu la mchanganyiko halikuandikwa kitu, iliwahi kumiminwa petroli tupu, pistoni ikanasa.

Basi tukaanza upya. Dumu likapakwa rangi na kuandikwa: lita 1 ya petroli, mililita 20 za oili ya tu-stroki. Zamu inayoingia haiupokei msumeno kwa maneno. Inaujaribu mbele ya zamu inayotoka: breki inakamata, kifyatuo hakisogei bila kubonyezwa kufuli yake, mnyororo hauzunguki injini ikiwa imetulia, oili inafika kwenye mnyororo. Ubapa unageuzwa usilike upande mmoja. Huwa napenda sana dakika zile za asubuhi, uani bado kuna ubaridi.

Kwenye tukio nako mambo yakabadilika, ingawa kwa shida, maana raia wamekuzunguka wanapiga kelele ukate. Kwanza TANESCO wathibitishe umeme umekatwa. Waya uliolala kwenye majani mabichi hauonekani. Pili, anayeshika msumeno ana mwenzake wa kumtazamia, na huyo akinyoosha mkono injini inazimwa. Tatu ni kuusoma mti, upande uliobanwa na upande uliovutwa, kwa kuwa gogo lililolalia gari au ukuta limejaa nguvu; upande uliobanwa ndio unaoanzwa taratibu, kisha unamalizia uliovutwa. Mti uliong'oka ndio naouogopa kuliko yote. Ukishakata shina, kile kisiki kilichosimama na mizizi yake kinaweza kurudi shimoni ghafla, na mahali pale ndipo watoto hupenda kuchungulia. Nimeona kisiki cha mkungu kikirudi namna hiyo. Tulikuwa tumeshawaondoa watoto.

Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga Hidaya kinakuja upande wa Mafia, sikuhitaji kuamuru. Nilikuta vijana wameshabana ubapa kwenye jiliwa, minyororo ya akiba imenolewa na kuning'inizwa, petroli mpya imechanganywa. Koplo mmoja wa kike alikuwa ndiye mwenye tupa, na hakuinua kichwa nilipopita.

Bado suruali za kinga zinanikera. Ndani yake mna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta, zikajisokota kwenye gurudumu linalouzungusha na kuusimamisha kabla haujafika mfupa. Zetu ni chache, na zote ni za saizi ya mwanamume mnene. Koplo huyo huikaza kwa mkanda na bado inamzunguka pajani, sehemu yenye nyuzi ikihamia pembeni, palipo na hatari ndogo. Nimeandika maombi ya saizi ndogo mwaka huu tena, safari hii nimeambatanisha vipimo vya kila askari wa kike, kiuno na urefu wa mguu.