Rithim kwa Vyombo vya Watu

Nilikuwa nimeshapiga gitaa la rithim katika bendi kadhaa, na nywele zimeanza kuwa na mvi, kabla sijamiliki gitaa langu mwenyewe. Anayeujua muziki wa dansi wa Tanzania hatashangaa, maana karibu wote tuliishi hivyo. Gitaa, amplifaya, spika, maikrofoni, drams, mpaka waya wa kuunganishia, vyote vilikuwa mali ya mwenye bendi: shirika la umma, jeshi, jumuiya ya chama, au tajiri mwenye baa. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake na sauti yake. Akihama, anaacha kila kitu jukwaani, anakwenda kushika gitaa la mtu mwingine. Magazetini iliandikwa kuwa tunahamahama kwa tamaa, kwa ugomvi, kwa ulevi. Yalikuwepo hayo. Lakini ukitaka kujua kwa nini fulani aliiacha bendi hii akaenda ile, uliza kwanza vyombo vilikuwa vya nani, na vilikuwa katika hali gani.

Nimezaliwa Morogoro, na kwa kijana mwenye masikio mji ule ulikuwa umejaa walimu. Bendi mbili ziliugawa. Kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambayo baada ya yeye kufariki mwaka 1965 ilishikwa na Juma Kilaza. Na kulikuwa na Morogoro Jazz, alikokuwa Mbaraka Mwinshehe. Nyumba moja iliweza kuwa na baba wa Cuban na mtoto wa Moro Jazz. Salum Abdallah sikumwona jukwaani, ila Mbaraka nilimwona, kupitia dirisha la ukumbi, nikiwa nimesimama juu ya mabega ya kaka yangu kwa sababu hatukuwa na kiingilio. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Waliporudi, sisi watoto wa mitaani tuliamini kuwa gitaa linaweza kumtoa mtu Morogoro likamfikisha popote.

Kila mtu alimtazama Mbaraka, na alistahili kutazamwa, maana solo lake lilizungumza. Mimi nilimtazama mtu aliyekuwa nyuma yake. Niliona kwamba solo la Mbaraka likinyamaza ili aimbe, wimbo hausimami. Kuna mkono mwingine unaoutembeza. Nilitaka kuwa mkono ule. Nilijifunzia gitaa la galoni, tulilolitengeneza kwa kopo la mafuta, ubao, na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, na lilinikata vidole mpaka vikawa sugu. Mwenye baa mmoja aliyekuwa na bendi ndogo ya kupiga kopi alinichukua nipige usiku wa Jumamosi. Hapo ndipo nilipoligusa gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, na baada ya onyesho lilifungiwa stoo pamoja na kreti za bia.

Nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaicheza miziki ile bila kujua imejengwaje. Bendi kubwa ya dansi ilikuwa na magitaa manne: solo, sekondi solo, rithim na besi. Solo ndilo analolisikia mlevi. Besi ndiyo anayoisikia mchezaji miguuni. Rithim ipo katikati, na ikiwa imepigwa sawasawa msikilizaji haijui kama ipo, mpaka siku isipokuwepo. Wakati wa kuimba, rithim inazivunja kodi: hupigi nyuzi zote kwa pamoja, unazichambua mbili tatu, unazikata kwa kuinua vidole vya mkono wa kushoto ili sauti isiburuzike, na unamwachia sekondi solo nafasi ya kujibu. Mkigongana naye sehemu moja ya shingo ya gitaa, wimbo unakuwa tope. Halafu linakuja chemko. Tarumbeta na saksafoni zinaita, tumba inapanda, waimbaji wanakaa pembeni na kiitikio chao, na hapo mpiga rithim anapaswa kushika kipande kimoja kifupi akirudie dakika nne, tano, sita, bila kukimbia wala kuchelewa. Vijana wanadhani kurudia ni rahisi. Mkono unauma kuanzia kiwiko, jasho linaingia machoni, watu mia tano wanaruka mbele yako, na kila kitu ndani yako kinakuambia uongeze mwendo. Huongezi. Ukiongeza kidogo tu, mpiga drams atakufuata, besi itamfuata, na mwisho wa wimbo waimbaji watakuwa wanahema.

Asiyenielewa namwambia asikilize Sina Makosa ya Les Wanyika, ile bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 kutokana na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Aliache solo la John Ngereza kwa muda, amsikilize Omar Shabani kwenye rithim akitembea na besi ya Tom Malanga. Au asikilize Mlimani Park ya miaka ile ya mwanzo, Abdallah Gama akiwa kwenye rithim na Joseph Mulenga kwenye solo. Watu hawa walijua nini cha kuacha. Mimi nilitumia miaka mingi kuyajua wanayoyaacha.

Dar es Salaam nilifika katikati ya miaka ya sabini, nikaajiriwa na bendi ya shirika la umma. Nasema kuajiriwa kwa maana kamili. NUTA Jazz walikuwa wameifungua njia hiyo mwaka 1964, pale jumuiya ya wafanyakazi ilipoanzisha bendi na kuwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi. Baadaye wakafuata polisi, jeshi, JKT, magereza, viwanda, mpaka shirika la bima. Kwenye karatasi zangu niliandikwa karani msaidizi. Nilikuwa na likizo, matibabu, na daftari la mahudhurio lililonisubiri asubuhi mazoezini, hata kama onyesho la jana lilikwisha saa tisa za usiku. Nimewasikia watu wakilidharau jambo hili, kwamba msanii hawezi kusaini daftari. Mimi naliheshimu mpaka leo. Baba yangu, aliyeona mpiga gitaa ni mhuni, alikaa kimya siku nilipomwonyesha hati ya mshahara, na mwezi uliofuata akaniruhusu kupeleka posa.

Ubaya ulikuwa kwenye vyombo. Fedha za kigeni zilipoadimika, vyombo vilichakaa na havikuletwa vingine. Uzi wa gitaa ukikatika tuliuunga kwa fundo, tukalisogeza fundo nyuma ya daraja la gitaa lisitoe mlio. Kuna msimu tulipiga magitaa mawili kwenye amplifaya moja, na mtu wa solo ndiye aliyepewa kipaumbele. Mimi nilijifunza kupiga kwa nguvu ya mkono wakati sauti yangu nje haifiki meza ya tatu.

Kurekodi kulifanyika Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Hapakuwa na kiwanda cha sahani za santuri nchini. Waliotaka santuri walivuka kwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukaja kufunguliwa 1983, njia hiyo ilifungika kwa wengi wetu. Kwa hiyo kazi yetu karibu yote imo kwenye tepu za redio. Maneno ya wimbo yalikaguliwa kwanza. Kisha bendi nzima, watu kumi na tano au zaidi, iliingia studio moja na kupiga kwa pamoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba ipo jukwaani. Mpuliza tarumbeta akiteleza kwenye dakika ya saba, wote mnaanza upya. Niliipenda hofu ile. Ilitufanya tusikilizane. Mafundi mitambo wa Radio Tanzania walikuwa na masikio makali kuliko baadhi ya viongozi wa bendi: walijua kumsogeza muimbaji nusu hatua kutoka kwenye maikrofoni na wimbo ukakaa sawa. Ule uwazi unaousikia kwenye nyimbo za zamani, kila chombo kikiwa mahali pake, ni kazi ya watu wale, na hawajawahi kushukuriwa vya kutosha.

Nikahama. Enzi zile uhamaji ulikuwa mkubwa. Muhiddin Maalim Gurumo, mmoja wa nguzo za NUTA, alikuwa ameondoka mwaka 1978, yeye na Abel Baltazar na wenzao wakaanza Mlimani Park, na mtindo wa Sikinde ukazaliwa. Mwaka 1985 mwenye bendi Hugo Kisima akawachukua baadhi ya watu wa Mlimani, Gurumo akiwemo, akaunda upya Orchestra Safari Sound, na jiji likapata mtindo wa Ndekule. Mashabiki waligawanyika kama wa Simba na Yanga. Katika wimbi hilohilo, tajiri mmoja ambaye simtaji alinifuata mazoezini na gari, akanionyesha stoo yenye vyombo vipya, bado vimo kwenye maboksi. Niliona gitaa ambalo shingo yake haijapinda. Nilikubali kabla hajataja mshahara.

Pale nilikutana na wanamuziki kutoka Zaire, na nilipata elimu ya pili. Bendi ya Maquis, ya Wazaire wenzao, ilikuwa imeshaiteka Dar tangu miaka ya sabini, na mpiga gitaa yeyote aliyekuwa makini aliwahi kwenda kusimama mbele ya mpiga solo wao, Nguza Viking, akajaribu kuiba kwa macho. Sasa nilikuwa napanga nao safu moja. Mmoja wao aliongea Kiswahili cha Shaba, ambacho mwanzoni sikukipata vizuri, lakini mkono wake niliuelewa. Alinifundisha kupanga nyuzi za mi-kompoze: unauondoa uzi wa nne, unaweka mwembamba badala yake, unaupandisha mpaka re ya oktavu ya juu. Gitaa linabadilika. Kipande kilekile cha rithim kinakuwa na kengele ndani yake, na sekondi solo haihitaji tena kupanda kila mara. Nilikaa nacho chumbani Magomeni usiku kucha bila amplifaya, sikio nimelilaza kwenye ubao wa gitaa. Mke wangu aliamka, akasikiliza, akasema huo sasa ni wimbo. Ulikuwa rithim tu.

Bendi ile ilikufa kwa siku moja. Mapato ya mlangoni yalipungua, madisko yalizidi, tajiri akachoka. Tulikwenda mazoezini tukakuta stoo ina kufuli jipya. Nyimbo tulizokuwa tumezitunga na ambazo hazijarekodiwa zilifia pale, kwa sababu zilikuwa kwenye mikono ya watu kumi na sita, na watu kumi na sita wasio na vyombo hawawezi kuzikusanya. Kati ya yote yaliyonipata katika kazi hii, hilo ndilo ninalolilia. Mshahara unaopotea hulipwa siku moja, walau kwa deni. Zile nyimbo hazipo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikwenda Muscat na bendi ndogo, kwa mkataba wa hoteli. Suti, tai, sauti ya chini ili wageni waweze kuzungumza wakila. Tulipiga nyimbo za Ulaya na Marekani, na sikuzipenda nyingi, lakini mshahara ulikuja tarehe iliyoandikwa. Usiku wa Alhamisi walikuja Waomani waliozaliwa Unguja au kukulia huko, watu wazima wanaosema Kiswahili safi kuliko changu, wakaomba nyimbo za Tanzania. Meneja alituruhusu moja, halafu mbili. Siku hizo niliyapiga yote niliyoyajua. Mzee mmoja alikuwa akikaa karibu na jukwaa upande wangu, upande wa rithim, na aliniambia anautafuta mkono ule tangu aondoke Zanzibar.

Kwa fedha za Muscat nilinunua gitaa. Fender iliyotengenezwa Japani, imeshatumika, rangi imechubuka mgongoni. Nililirudisha nyumbani nikiwa nimelipakata ndani ya ndege, na tangu hapo sikuogopa tena kufuli la mtu. Niliporudi, mambo yalikuwa yamegeuka: redio binafsi zilianza mwaka 1994, vijana wakaja na muziki wao, bendi mpya kama Twanga Pepeta zikaongeza kasi na wacheza shoo. Nilipiga na bendi mbili tatu, kwa mgao wa usiku kwa usiku, kisha nikatulia kwenye bendi ya wazee wenzangu inayopiga wikiendi. Sina kinyongo na vijana. Wana vyombo vyao kwenye kompyuta, na kwa hilo nawaonea fahari.

Jambo moja bado nalidai. Redio zinapiga zilipendwa kila wiki, zile tepu za Barabara ya Pugu, na mtangazaji hutaja bendi, mtunzi na muimbaji. Wakati mwingine hutaja solo. Mpiga rithim, mpiga tumba, mtu wa tarumbeta ya pili, fundi aliyesogeza maikrofoni, hawatajwi, na wengi wao wamezikwa bila kutajwa. Nimeanza kuandika: wimbo gani, nani alikuwa kwenye rithim, nani besi, nani alikuwa mgonjwa akapigiwa na nani. Naandika zile nilizokuwepo studio tu, pamoja na zile ambazo watu wawili waliokuwepo wamenithibitishia. Tunabishana sana, na mabishano yanafaa, kwa maana mmoja humkumbusha mwenzake. Karatasi hizo nampa kijana mmoja anayezichapa kwenye kompyuta na kuzilinganisha na rekodi, akizirudia mara kwa mara mpaka azitambue sauti za mikono. Wenzangu mlio hai, wa NUTA, wa Sikinde, wa Vijana Jazz, wa Maquis, wa bendi za majeshi na viwanda, andikeni nanyi za kwenu. Muanze na waliokaa nyuma.