Poka, hasira na kompyuta isiyopandwa na mori

Leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu poka. Si ile ya kumaliza karata mkononi tuliyocheza shuleni, nazungumzia Texas Hold'em.

Jumamosi jioni tunacheza hapa Kapseret, marafiki watano, kila mtu na shilingi 200 zake. Pesa ni kidogo lakini hasira huwa kubwa. Mtu akishindwa akiwa na karata nzuri, raundi inayofuata anaweka zote hata na karata mbovu, eti anarudisha zake. Hapo ndipo anapoliwa kabisa.

Hebu tuangalie hesabu. Una A mbili, mwenzako ana K mbili, na nyote mmeweka kila kitu kabla ya karata za mezani kufunguliwa. Utashinda takriban mara 82 kati ya 100. Niliandika programu fupi ya Python ikacheza raundi hiyo mara laki moja, jibu likawa lile lile. Maana yake ni kwamba karibu mara 18 utashindwa bila kosa lolote. Mara mbili mfululizo? Karibu 3 kati ya 100. Inauma, lakini si mkosi wala uchawi.

Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu iitwayo Libratus, kazi ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza raundi 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, ikawashinda. Sawa, haina moyo wa kwenda mbio. Lakini kilichonivutia ni hiki: mapengo ambayo wapinzani waliyagundua mchana, iliyaziba usiku, mchezo ukiwa umesimama.

Hilo tunaweza kuliiga. Kabla ya kuketi, amua kiasi utakachokubali kupoteza, kikiisha, inuka. Ukishindwa vibaya, kaa nje raundi moja, unywe chai. Andika ulichoamua na sababu yake, usome kesho akili ikiwa imetulia. Usijiulize "nilishinda?" Jiulize "nikipewa karata zilezile, ningeamua vilevile?"

Hata kazini ni hivyo. Seva ikianguka saa nane usiku, anayebonyeza kila kitu kwa hasira huzaa tatizo la pili. Afadhali somo hilo ulipate mezani kwa shilingi 200. Karo rahisi hiyo!