Negativu za Kisii: pikseli na majina

Wiki hii ninaskani negativu za inchi 4 kwa 5 kutoka studio ya zamani mjini Kisii. Skana ya karatasi tu haifai: negativu inataka mwanga upite ndani yake, hivyo natumia yenye taa kwenye kifuniko. Kwa nukta 2400 kwa inchi napata pikseli milioni 115. Kwa biti 16 bila rangi, megabaiti 230 kila picha.

Nafasi ya diski hununuliwa. Majina je? Bahasha hazina maandishi, na wazee wa Nyamira wanaoweza kusema "huyu ni nyanya yako" wanapungua. Basi kila jioni nawatumia nakala ndogo kwa simu, na jina wakilitaja naliandika ndani ya faili papo hapo.